Anga la Buluu Saa Nane Usiku

Injinia Respicius aliingia Chumba cha Macho akiwa amewasha tochi ya simu.

Hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika kambi nzima ya Ilamba. Hata mpishi anayeleta chai hujua kubisha na kuiacha birika mlangoni. Chumba hicho hakina dirisha wala taa. Warukaji hukaa humo nusu saa kabla ya kupanda ndege ili macho yao yajifunze giza, na macho yaliyokwisha kujifunza hupotezwa na mwanga wa sekunde moja, yakalazimika kurudi darasa la kwanza. Tusajigwe Mwakalobo alikuwa amefika dakika ya ishirini na sita. Alifumba macho upesi lakini wapi, duara la kijani lilikuwa limeshajibandika ndani ya kope.

"Jamani, mko humu?" ilisema sauti ya injinia, sauti nzuri iliyozoea vipaza sauti. "Mbona mmekaa kama watu wa matanga?"

"Zima," alisema Tusajigwe.

"Naangalia pa kukanyaga tu, mama yangu."

"Zima, na benchi ulitafute kwa mikono. Tunaanza kuhesabu upya kwa ajili yako."

Tochi ikazimwa. Lakini Tusajigwe alikuwa ameshaviona viatu: vyeupe, vyeupe pe, na kambi yenyewe ina tope jekundu mpaka kwenye sufuria za ugali. Mtu aliyekuja na viatu vile hakuja kufanya kazi, alikuja kuonekana anafanya. Usomi una faida zake, lakini kubisha hodi haikuwa sehemu ya masomo ya Respicius.

Kwenye benchi la pili Daktari Nyamizi alicheka chinichini. Usiku huo ulikuwa wake. Alitakiwa kushuka Ntumbi, kijiji kilichokatwa na maporomoko kule juu milimani, ambako watu sitini walikuwa wamelala na homa ya mafuriko na nesi wao wa pekee alizikwa juzi. Barabara ya Ntumbi ilikuwa imebaki hadithi ya wazee. Ndege nazo haziruki tena mchana tangu joto lilipoanza kuuchafua upepo. Rubani akithubutu kupaa saa sita ya adhuhuri, mabawa hurudi ardhini peke yake. Kwa hiyo dawa husafiri usiku, zikiwa zimefungwa kwenye mguu wa mtu, na mtu huyo hushuka kwa parachuti.

"Lakini kweli, Mama Mkaguzi," aliendelea Respicius, ambaye giza halikumpunguzia maneno, "hili darasa la kukodoa macho ni la nini tena? Si tumeshawapa kofia?"

"Mmetupa," alisema Tusajigwe. "Kaa."

Kofia hiyo iliitwa Mlezi. Jina peke yake lilimtia Tusajigwe kichefuchefu, maana yeye alilelewa na bibi yake na hakumbuki bibi akimfunika kitambaa usoni. Ukiivaa na kuteremsha kioo, usiku unakwisha. Kamera za kwenye paji huokota mwanga kidogo uliopo, ramani hujazia palipobaki, na mbele ya macho yako panachorwa mchana: anga la buluu, milima ya kijani, mabati ya shule yanang'aa, uwanja wa kutua umezungushiwa duara jeupe. Watu waliokuwa wakitapika mlangoni mwa ndege sasa walitoka wakipiga mluzi. Makao Makuu waliipenda kazi yao hiyo hata wakaandika kauli mbiu yake kwenye vikombe vya chai: *Hofu Ndiyo Inayoua.*

Sasa Respicius alikuwa amekuja na toleo jipya, ameshalitia kwenye kofia zote za kambi. Kioo cha toleo hili hujifunga mlango wa ndege ukifunguliwa, na hakifunguki mpaka miguu iguse ardhi. Makao Makuu walitaka kila mrukaji nchini alivae kwa lazima, na fomu yao ilihitaji watu wawili: shahidi aandike alichokiona angani, kisha mkaguzi akate kwa mstari neno asilolitaka kati ya NARIDHIA na SIRIDHII. Mkaguzi alikuwa Tusajigwe, miaka hamsini na miwili, miruko elfu moja ya usiku, magoti mawili mabovu. Shahidi, kwa desturi ya Ilamba, ni mwenye kitu kinachojaribiwa. Tangu kambi ianze hakuna mkunja parachuti ambaye hajawahi kuambiwa ghafla, "Hili ulilokunja, ruka nalo wewe." Ndiyo maana yanakunjwa vizuri.

Respicius aliikubali desturi hiyo kwa mbwembwe. Alikuwa ameruka mara arobaini, alisema. Alisahau kuongeza kwamba zote zilikuwa mchana, kwenye nchi za baridi ambako mchana bado unaruhusu ndege, na zote akipigwa picha.

*

Dakika thelathini zilipotimia tena, Tusajigwe aliinuka, magoti yakalia.

"Tupapasane," alisema.

Hii ndiyo kazi ya Chumba cha Macho hasa. Mkaguzi humpapasa mrukaji gizani, mkanda kwa mkanda, kisha humuuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile ya chini. Hakuna anayepandisha sauti. Mikono ndiyo inayojibu kwanza, mdomo hufuata. Wageni huona kama mchezo wa watoto wa chekechea.

"Mkono wa kulia uko wapi?" Tusajigwe alimuuliza Nyamizi.

"Kifuani."

"Umeshika nini?"

"Chekundu."

"Kinafanya nini?"

"Kinakata kuu."

"Wa kushoto?"

"Umeshika cha chuma. Kinaita akiba."

"Kipi kwanza?"

"Chekundu kwanza, mama. Chekundu kwanza siku zote."

Mrukaji hubeba parachuti mbili, kuu jeusi na la akiba jeupe. Kuu likiharibika unalikata, ndipo unaita la akiba. Ukiita la akiba na kuu bado limekushikilia, yanasukana kama nywele, na hapo hubakiwi na cha kuita ila Mungu.

Mikono ya Tusajigwe ikateremka mpaka kwenye mguu wa kushoto wa daktari, ikakuta sanduku la dawa. Ilisimama hapo.

"Hili zito."

"Kilo kumi na nane."

"Mguu mmoja, kilo kumi na nane. Parachuti likifunguka umeinama upande, kamba zinajisokota na unaanza kuzunguka. Injinia, utamsaidia nusu."

"Ningependa sana," alisema Respicius. "Lakini shahidi haruhusiwi kubeba mzigo. Ni utaratibu."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Haya. Asante kwa kupenda."

"Mimi nitabeba, mama," alisema Nyamizi. "Nikiacha nusu, nani nimwache bila? Kofia itanisaidia. Mimi bila kofia hata mlangoni sifiki, unanijua."

Tusajigwe alimjua. Alikuwa amemwona akishika chuma cha mlango kwa mikono miwili, zamani kabla ya Mlezi, akilia kwa aibu huku rubani akizunguka mara ya tatu. Alikuwa daktari hodari mwenye woga wa giza, na woga hauna shahada. Angempa mwingine hilo sanduku kama kambi ingekuwa na daktari mwingine.

Tatizo ni kwamba Ambilikile Mwaipaja naye alibeba sanduku kama hilo, mguu huohuo.

Ambilikile na Tusajigwe waliruka pamoja miaka kumi na tisa. Miezi miwili iliyopita Ambilikile alitangulia mlangoni, Tusajigwe akafuata, wote wamevaa Mlezi, kwa sababu mkaguzi mkuu, Tusajigwe mwenyewe, alikuwa ameshaziona takwimu na kuridhia toleo la kwanza kwa kalamu yake mwenyewe. Alishuka akitazama milima ya kijani. Alitua vizuri. Alikaa uwanjani dakika kumi akimsubiri mwenzake amtanie magoti. Baadaye, kwenye fomu ya ajali, palikuwa na nafasi ya shahidi, na yeye aliyekuwa hatua sitini kutoka kwa marehemu aliandika maneno mawili: *Sikuona kitu.*

Yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomnyima usingizi. Hatua sitini, mtu mzima, na hukuona kitu? Akaifungua kofia yake na kuchimba mpaka akaipata picha mbichi, ile ambayo kamera huiona kabla Mlezi hajaipaka rangi. Ambilikile alikuwepo. Alikuwa akizunguka chini ya kamba zilizosokotwa, tochi ya begani ikichora duara gizani. Mlezi alikuwa amemfuta. Haikuwa hitilafu, amri ilikuwa imeandikwa humo kwa lugha safi: ondoa kinachotisha.

Kofia ya Ambilikile nayo ilikuwa imetii amri hiyohiyo. Ilinyoosha picha ili asione mzunguko. Mwili nao hudanganyika. Ukizungushwa kwa mwendo uleule kwa muda, sikio la ndani huchoka kulalamika na kunyamaza. Kwa hiyo alining'inia mle akiamini anaelea, hakukata kuu, na alipofika mita mia tatu Mlezi akamfungulia la akiba mwenyewe, kama alivyoundwa, moja kwa moja ndani ya kamba zilizosokotwa. Mtu mmoja tu angeweza kumwambia kata, na huyo alikuwa akifurahia mandhari.

Tusajigwe alihamia kwa Respicius. Injinia alinukia manukato. Mikanda yake ilikuwa sawa, majibu yake sahihi, ila aliyasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Kofia ilikuwa juu ya magoti yake. Kwa desturi mkaguzi ndiye humvisha mtu. Tusajigwe aliichukua, akaipapasa pande zote, na nyuma ya shingo kidole chake kikakuta kitufe kidogo. Aliipapasa mara ya pili. Kofia za kambi alizijua kama vyombo vya jikoni kwake. Hazikuwa na kitufe mahali hapo.

"Hiki nini?"

"Ah, hicho," alisema Respicius. "Ni cha mafundi tu. Kinaonyesha picha mbichi. Kwa vipimo."

"Bila kufuta."

"Kumbe unajua." Sauti ya injinia ilipoteza asali. "Basi tuongee kama watu wazima. Ndiyo, Mlezi anafuta. Kabla yake mlikuwa mnakufa kumi na wanne kwa mwaka. Wanne kati yao vifaa, kumi woga. Mtu anakata parachuti zima kwa sababu ameona kivuli. Mtu anakata kona karibu na ardhi kwa sababu ameshtushwa na mwenzake. Mwaka huu wamekufa watatu. Watatu, mama! Na kabla hujaniuliza, tulijaribu kuwapa warukaji picha mbichi. Waliokuwa wakiona kila kitu walikufa zaidi ya waliokuwa wakiona mchana."

"Na wewe umejichagulia ipi?"

"Mimi nimefundishwa."

"Na sisi tumefugwa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, umeshona kwenye kofia."

Nyamizi alikohoa gizani. Tusajigwe alisimama na ile kofia mkononi, na kilichomuuma ni kwamba mjinga huyu mwenye viatu vyeupe hakuwa anadanganya. Kumi na wanne, sasa watatu. Kumi na moja walikuwa wakila chakula cha jioni na watoto wao kwa sababu ya uongo. Alikuwa amewazika wale wa zamani, alijua idadi haikupikwa. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu ngoma aliivutia kwake mpaka akajitengenezea kitufe.

Akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, akachukua kofia yake mwenyewe, ya kambi, iliyo laini kote, bila kitufe. Hiyo ndiyo aliyomvisha Respicius, akaifunga kidevuni kwa upole wa mama. Ya injinia akaivaa yeye. Gizani hakuna aliyeona, na huo, alijua, ulikuwa uongo wa pili katika chumba kilekile.

*

Angani juu ya Ntumbi, rubani aliwasha taa nyekundu saa nane kasoro tano. Mlango ulifunguka, vioo vikajifunga, upepo ukaingia na harufu ya mvua.

Nyamizi alikwenda mlangoni anatabasamu. Alitazama nje, kwenye weusi mtupu, kama mtu anayetazama shamba lake. "Jamani, pazuri!" alisema kwenye redio, akatoka.

Respicius alifuata, akasimama ukingoni, na mkono wake ukapanda nyuma ya shingo. Ukatafuta. Ukarudia. Ukatafuta upande wa pili. Tusajigwe aliutazama mkono huo kwa furaha ambayo baadaye aliona haya kuikumbuka.

"Hii kofia si—"

"Hofu ndiyo inayoua, Injinia," alisema Tusajigwe. "Ruka."

Kurudi nyuma mbele ya mkaguzi wa kike mwenye magoti mabovu kulimshinda. Akaruka.

Tusajigwe alihesabu tano, akabonyeza kitufe, akamfuata.

Hapo ndipo alipoudhika kuliko usiku wote, kwa kuwa kofia ilikuwa nzuri. Ilimpa usiku kama ulivyo, ila uliosogezwa karibu: mgongo wa mlima wa kijivu, utando wa wingu, na chini kabisa mshale wa koroboi ambao watu wa Ntumbi walikuwa wameupanga uwanjani kuwaonyesha warukaji upepo unakotoka. Watu wa Makao Makuu walijua kutengeneza kitu kizuri. Walikijua, wakakifunika.

Parachuti lake lilifunguka. Kwa mazoea alimulika juu na tochi ya bega, akaona jeusi limejaa, kamba zimenyooka. Kisha akatazama chini.

Respicius alikuwa akielea vizuri upande wa kulia. Mbele yake, hatua kama hamsini, tochi ya Nyamizi ilikuwa ikichora duara.

"Kata!" Tusajigwe alipiga kelele. "Nyamizi, kata!"

Lakini Mlezi hulainisha sauti pia, kelele hutisha. Kilio kile kilimfikia daktari kikiwa kimepigwa pasi.

"Nikate nini, mama?" alijibu, mtulivu. "Niko sawa. Naiona shule."

"Unazunguka!"

"Sizunguki. Mabati yako palepale."

"Injinia! Yuko mbele yako, mwambie!"

"Mbele yangu hakuna mtu," ilisema sauti ya Respicius, na kulikuwa na raha ndani yake. "Anga safi kabisa."

Saa ya kimo kwenye mkono wa Tusajigwe ilisema mia nane. Mwenye kuzunguka hushuka upesi. Nyamizi huenda alikuwa mia saba. Ikifika mia tatu, Mlezi angemfungulia la akiba. Tusajigwe alivuta pumzi apige kelele tena, akaiacha. Kelele zingepigwa pasi tena. Kubishana na macho ya mtu anayeona mchana ni kazi ya bure, na muda wa kazi ya bure haukuwepo. Kilichobaki ni mikono.

Akashusha sauti mpaka ile ya Chumba cha Macho.

"Mkono wa kulia uko wapi?"

Duara la tochi likaendelea kuzunguka.

"Mama?"

"Mkono wa kulia uko wapi?"

"...Kifuani."

"Umeshika nini?"

"Chekundu. Mama, lakini naona—"

"Sijakuuliza unaona nini. Kinafanya nini?"

"Kinakata kuu."

"Wa kushoto?"

"Cha chuma. Kinaita akiba." Sauti ilianza kutetemeka. Tusajigwe alikadiria daktari yuko mia nne hamsini.

"Kipi kwanza?"

Alimsikia anapumua. Huko ndani ya kofia palikuwa na mchana mzuri, shule, milima, na parachuti ambalo kwa jinsi alivyoona halikuwa na kasoro yoyote. Na alikuwa anaambiwa alitupe na mwanamke asiyemwona, kutoka kwenye giza ambalo maisha yake yote lilimliza.

"Chekundu kwanza," alisema Nyamizi, na akavuta.

Duara la tochi likakatika. Kwa muda mrefu sana, pengine sekunde mbili, hapakuwa na kitu. Kisha mita mia tatu na kitu juu ya mahindi ya Ntumbi likachanua jeupe.

Tusajigwe alilia ndani ya kofia ya injinia mpaka ardhi ilipomfikia na kumpiga magotini.

*

Respicius alikuwa ameshatua katikati kabisa ya mshale wa koroboi. Kioo chake kilifunguka, akapepesa macho kwa kukuta usiku, halafu akamwona Tusajigwe anakuja akichechemea.

"Umeona?" alisema. "Watatu tumeruka, watatu tumetua. Safari laini, hakuna aliyepata shida yoyote. Nakiri nilishtuka pale mlangoni, lakini ukishatoka, aisee, raha tupu."

Nyamizi alitokea kwenye mahindi. Alikuwa amekumbatia parachuti mikononi, na kwenye mwanga wa koroboi kila mtu aliona kwamba ni jeupe. Respicius alilitazama. Mdomo wake ulibaki wazi bila hotuba, pengine mara ya kwanza tangu abatizwe.

Akina mama wawili wa Ntumbi walikuwa wameshafungua sanduku kwenye mguu wa daktari na kutangulia nalo mbio kuelekea shuleni, walikolazwa wagonjwa. Nyamizi alitaka kuwafuata, akasita, akamshika Tusajigwe mkono.

"Utaandika siridhii," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, nakuambia ukweli kwa kuwa umeniokoa. Bila lile anga la buluu mimi nisingetoka kwenye ule mlango. Hawa watu wangenisubiri mpaka wafe. Wakiiondoa kofia, mimi siruki tena, na tuko wengi."

"Najua, mwanangu."

"Sasa?"

"Wengine mtabaki mlangoni. Wengine watakufa kwa woga kama zamani. Ila nitawaona." Akauachia mkono wa daktari. "Nenda, wagonjwa wanakungoja."

Nyamizi alikwenda. Hakuonekana kuridhika, na alikuwa na haki.

Tusajigwe alivua kofia yenye kitufe, akaiweka chini katikati yao. Akatoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya goti lake lenye nafuu, akampa Respicius kalamu.

"Ulinibadilishia," alisema injinia taratibu.

"Ndiyo."

"Hilo ni kosa la jinai."

"Ni kosa kweli. Liandike. Anza na kitufe, waelewe ni kofia ipi iliyobadilishwa na kwa nini ya kwako haifanani na zetu."

Kalamu ilibaki hewani. Kutoka shuleni mtu aliita jina la daktari, na mtoto akaanza kulia kwa sindano.

"Nitaandika kwamba daktari alipata hitilafu, na mfumo—"

"Haijaulizwa hitilafu. Soma. *Shahidi aliona nini.* Ulikuwa hatua hamsini, uso kwa uso naye, kushinda sote. Usiongeze, usipunguze."

"Mama yangu, ukiwapelekea hiyo wataniuliza..."

"Mimi sikuulizwa," alisema Tusajigwe. "Mimi niliandika, wakapiga muhuri, tukazika."

Respicius alilitazama lile parachuti jeupe lililoachwa kwenye majani, kisha viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vimefanana na vya watu. Aliandika kwa herufi za shule, safi, zilizonyooka, akamrudishia fomu bila kumtazama.

Tusajigwe aliisogeza kwenye koroboi. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake wa miezi miwili iliyopita. Maneno yalikuwa yaleyale mawili.

*Sikuona kitu.*

Akakata NARIDHIA kwa mstari mmoja, akatia sahihi.